Kinga Haikupungua, Imekosea Mtu

Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekwisha, watu wanakusanya vitabu vyao, dada mmoja wa alto akanivuta pembeni karibu na ngoma. Mchana ule alikuwa ametoka kwa daktari, na karatasi ya labo alikuwa nayo mkononi, imekunjwa mara nne. "Yaya, weye njo unafundishaka bioloji. Wameniambia ni ugonjwa ya kinga. Ile njo kusema niko na sida?"

Nilimjibu hapana, nikaona hajaniamini. Simlaumu. Hapa Bukavu, katika Kivu ya Kongo, neno "kinga" tumelisikia toka utotoni kupitia mafundisho ya UKIMWI, huo tunaouita sida, redioni na kwenye vituo vya afya: virusi vinaingia, kinga inapungua, mtu anakwisha. Ukimwambia mtu kinga yake ina shida, anasikia jambo hilo moja tu. Na ndugu zake wakipata habari, wanakimbilia kutafuta cha kuiongeza: tangawizi, kitunguu saumu, unga wa mlonge, na vile vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyotembezwa kwenye beseni pale Kadutu.

Kumbe kwake mambo yamegeuka. Kinga anayo, ina nguvu, tena ina bidii. Kosa lake ni kupiga mtu asiyestahili kupigwa.

Chukua nyumba ya mtaa wa Nguba yenye zamu, mlinzi wa usiku. Zamu hodari hawezi kuwajua wezi wote wa mji huu. Anachokijua ni sura za watu wa nyumbani, na asiyemtambua anamsimamisha getini. Mwili unafanya kazi namna hiyo. Chembe nyeupe za damu zimo katika kila pembe, zinapapasa kila zinachokutana nacho: hiki chetu, hiki si chetu. Uhodari wao unatokana na jambo la ajabu kidogo. Kila chembe ya aina iitwayo T huzaliwa na umbo lake la kushikia kitu fulani, na maumbo hayo hupatikana kwa bahati nasibu, mamilioni kwa mamilioni. Ndiyo maana mwili unaweza kupambana hata na kidudu ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Ila bahati nasibu haina adabu. Baadhi ya chembe hutoka na umbo la kushika kitu cha mwenye mwili: ngozi yake, figo yake, viungo vyake.

Kwa hiyo kuna shule. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu ya moyo, kuna tezi ndogo inayoitwa thaimasi. Huko chembe changa huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, na ile inayovishika kwa nguvu huuawa palepale. Wanaofeli ni wengi kuliko wanaofaulu. Lakini hata shule hiyo ina wanafunzi wanaopita mtihani bila kustahili, na sisi walimu wa Kongo hatuwezi kushangaa. Kwa ajili ya hao mwili umeweka kikosi cha pili, chembe ambazo kazi yao ni kuwatuliza walinzi wenzao. Mjapani Shimon Sakaguchi alionyesha mwaka 1995 kwamba chembe hizo zipo. Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapata mwaka 2001 jeni ambayo ikiharibika kikosi hicho kinavunjika. Wote watatu walipewa Nobel ya tiba mwaka 2025. Jambo lenyewe basi bado ni bichi, msishangae kama baadhi ya wauguzi wetu hawakulisoma shuleni.

Chembe zilizopita bila kustahili zinaweza kukaa kimya maisha yote. Kinachoziamsha ni mchanganyiko: jeni za ukoo, homoni, maambukizi fulani, jua, sigara. Jeni peke yake haitoshi. Pacha wa kufanana kabisa wanashiriki jeni zote, lakini mmoja akipata lupus, mmoja wa magonjwa haya ya kinga, mara nyingi mwenzake haipati. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, na homoni pamoja na kromosomu X mbili walizonazo zinatajwa katika sababu zake. Kuambukizana hakupo kabisa: si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa ndoa.

Magonjwa ya namna hii yanayojulikana yanapita 80. Nitataja yale tunayoishi nayo hapa huku tukiyaita majina mengine.

Naanza na koo la mtoto, kwa sababu hapo ndipo kosa la zamu linaonekana wazi. Kuna kidudu kinachoitwa streptokoki. Kinaingia kooni, mtoto anapata homa, kumeza kunamuuma. Mwili unatengeneza kingamwili, zile protini ndogo zinazomshika adui na kumtia alama, na koo linapona. Shida ni kwamba ngozi ya kidudu hicho ina kipande kinachofanana na protini ya moyo wa binadamu. Ni kama zamu aliyeambiwa kwamba mwizi amevaa koti jekundu. Mwizi ameshakimbia, kijana wa nyumbani anarudi kutoka kazini na koti jekundu, na rungu linamwangukia yeye. Wiki 2 hadi 4 baada ya koo kupona, magoti yanavimba, kesho viwiko, keshokutwa vifundo. Maumivu yanahama, kisha yanaondoka yenyewe, na familia inashukuru Mungu. Lasègue, daktari Mfaransa wa karne ya 19, alisema ugonjwa huu unalamba viungo lakini moyo unauuma. Valvu za moyo, ile milango midogo ya damu, zinabaki na makovu, na kila shambulio jipya linaongeza. Miaka inapita, msichana wa miaka 20 anahema akipanda ngazi za Kadutu. Akibeba mimba ndipo moyo unashindwa.

Wanaopatwa zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, na jambo hili linazuilika kwa penisilini, dawa ya bei ndogo, ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma. Sisi je, tunafanya nini? Tunampeleka mtoto kukatwa kilimi. Nalisema bila kuficha kwa kuwa nami nilikatwa. Kilimi hakina hatia yoyote, na wembe haumwondoi streptokoki. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa hupewa sindano ya penisilini ya kukaa mwilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili koo lisipate nafasi ya kuamsha zamu tena. Wazazi huacha sindano wakiona mtoto anacheza mpira vizuri.

Tezi ya shingo nayo ina historia yetu. Mtu wa Kivu akiona shingo imevimba anasema rovu, na anasema ni chumvi. Ana sababu ya kusema hivyo. Kisiwa cha Idjwi, kinachoonekana ukiwa kwenye boti ya kwenda Goma, kilijulikana kwa madaktari toka miaka ya 1960 kwa wingi wa rovu. Udongo wa huku una iodini kidogo, na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha una kemikali inayoizuia tezi kuishika hata hiyo kidogo. Tezi yenye njaa inavimba. Chumvi yenye iodini ilipoenea, katikati ya miaka ya 1990 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wa Kivu ambao tezi zao zilizozoea njaa ziliipata iodini ghafla, zikaanza kumwaga homoni kupita kiasi. Hadi hapo kinga haimo.

Lakini shingo hiyohiyo inaweza kuvimba kwa sababu nyingine kabisa. Tezi huamrishwa kufanya kazi na homoni inayotoka chini ya ubongo, kama ufunguo unaowasha injini na kuizima. Katika ugonjwa ambao madaktari wetu wanauita kwa jina la Mjerumani Basedow, kingamwili zinatokea zikiwa na umbo la ule ufunguo. Zinawasha, hazizimi. Moyo unakwenda mbio mtu akiwa ameketi, mikono inatetemeka, anakula sahani mbili na bado anakonda, macho yanatokeza kama ya mtu aliyeshtuka. Mtaani atashukiwa sida, au kurogwa. Kinyume chake ni ugonjwa alioueleza Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912: kinga inaitafuna tezi polepole mpaka inapoa, na mama anakuwa mzito, anasikia baridi hata saa sita za mchana, anasahau, anavimbiwa, hedhi inavurugika. Wanamwita mvivu. Wote hawa kuwaongezea chumvi hakuwaponyi. Kinachowatenganisha ni kipimo cha damu cha homoni za tezi, na kila mmoja ana dawa yake.

Sukari ya watoto ni hadithi fupi kwa sababu haisubiri. Kinga inaua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na hazioti tena. Mtoto anakunywa maji kama samaki, anakojoa usiku ilhali alishaacha kukojoa kitandani, anakonda ndani ya wiki chache. Mwishoni anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, na pumzi inatoa harufu ya matunda yaliyoiva mno. Wengi hufikia hapo wakiwa na dripu ya malaria mkononi, na ikiwa dripu hiyo ni ya glukosi, wamemwagiwa petroli. Tone moja la damu ya kidole kwenye kipimo cha sukari linamaliza ubishi. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipochomwa insulini huko Toronto, mtoto kama huyo alikuwa anasubiriwa kufa. Leo shida yetu ni friji na umeme unaokatika. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini ile inayotumika inavumilia hali ya hewa ya nyumba isiyo na joto kali kwa takribani wiki 4, na Bukavu yetu si Uvira kwenye joto. Mtungi wa udongo uliolowana, umekaa kivulini penye upepo, unasaidia sana.

Mbalanga, yale mabaka meupe mdomoni na mikononi, ni kinga inayoua chembe zinazotoa rangi ya ngozi. Haumi, haambukizi, hauui. Watu wanautaja ukoma. Pitisha pamba juu ya baka: mwenye mbalanga anaisikia, mwenye ukoma mara nyingi haisikii. Dada zetu wanaojichubua wanajitafutia wenyewe kitu ambacho mwenye mbalanga analia nacho, lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Baridi yabisi inayotokana na kinga si ya uzee. Mama wa miaka 35 anayetwanga sombe anaamka asubuhi vidole havikunji, vya mikono yote miwili, na inampita saa nzima kabla ya kushika mwiko. Uchovu wa kazi hupungua ukipumzika. Huu humkuta mtu katika mapumziko. Ukicheleweshwa, vidole vinapinda moja kwa moja. Moja ya dawa zake kuu ni methotreksati, na hapa naomba msomaji asome pole: inanywewa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kuinywa kila siku kumeua watu katika nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu.

Sasa narudi kwa dada wa alto. Karatasi yake ilisema lupus. Neno hilo ni Kilatini, maana yake mbwa mwitu, na lilitokana na vidonda vya uso vilivyofananishwa na alama za kuumwa. Kati ya wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Magonjwa mengine niliyotaja yana mahali pa kupiga. Lupus haina anwani, kwa sababu kingamwili zake zinalenga vitu vilivyomo ndani ya kiini cha chembe, na kiini kimo karibu kila mahali mwilini. Leo viungo, kesho nywele zinatoka kwenye kitana, mwezi ujao mapafu au figo. Vitabu vinaonyesha wekundu wa umbo la kipepeo juu ya mashavu ya Mzungu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani hivyo. Unaweza kuwa weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, na ndiyo maana unapita bila kutambuliwa.

Yeye alikuwa ametibiwa malaria mara nne ndani ya miezi sita, katika kituo kimoja nisichokitaja. Homa, uchovu, maumivu ya viungo: nani hapa hatawaza malaria? Na labo nayo ina mtego. Kile kipimo cha kingamwili za kiini kinaweza kutoa jibu la ndiyo hata kwa mtu asiye na lupus, na malaria yenyewe ni moja ya vinavyokichanganya. Daktari hasomi karatasi peke yake. Anaisoma pamoja na mtu. Kipimo ambacho ningemwomba kila mgonjwa wa lupus asikikose ni kidogo na rahisi, bandeleti ya mkojo, kile kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo. Figo zikianza kuumia hazina maumivu. Zinavujisha protini, mkojo unatoa povu, miguu inavimba, na presha inapanda. Bandeleti inaona kabla ya macho.

Dawa kuu ya lupus itawafurahisha wenyeji wa Kivu. Mwaka 1894 huko London daktari Payne aliandika kwamba kwinini inasaidia wagonjwa wa lupus ya ngozi. Kwinini ileile ambayo miti yake, sinkona, ilipandwa katika milima yetu toka enzi za Wabelgiji, na ambayo kiwanda cha Pharmakina kinaitengeneza hapahapa Bukavu. Leo hawatumii kwinini tena kwa kazi hiyo. Wanatumia haidroksiklorokwini, iliyotengenezwa kiwandani, ndugu wa klorokwini tuliyoimeza utotoni hadi ngozi ikatuwasha. Inatuliza kinga bila kuilaza. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia ikidhani inatibu Kovidi, wagonjwa wa lupus katika nchi nyingi waliikosa. Inataka uvumilivu, maana nguvu yake huonekana baada ya wiki na miezi, na inataka macho yapimwe kila mara kwa wanaoitumia miaka mingi. Mabibi na mabwana wenye tabia ya kujinunulia kwinini wasinielewe vibaya: hiyo haitibu lupus, na kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine wa kinga, ule wa misuli ambao asubuhi mtu ni mzima na jioni kope zinamwangukia, kwinini inaweza kumziba pumzi.

Jua ni adui wa mwenye lupus. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu miale inachoma hata siku ya mawingu. Nilimwambia dada yetu avae mikono mirefu na kofia pana, achukue mwavuli. Akacheka.

Kuna dawa moja iliyobaki, na ndiyo inayonitia hofu. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic alimpa kotisoni, aina ya homoni, mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea kwa baridi yabisi. Baada ya siku chache akaenda mjini kununua vitu. Nobel ikamfikia Hench mwaka 1950. Watoto wa kotisoni ni prednisolone na dexamethasone, na wameokoa figo na mapafu mengi yaliyokuwa yanashambuliwa na kinga. Ila hapa kwetu zinauzwa bila karatasi ya daktari, kwa wasichana wanaotaka kunenepa na wazee wanaotaka mgongo unyamaze. Uso unakuwa wa mviringo, watu wanakusifu. Ndani, sukari na presha vinapanda, mifupa inakonda, vidudu vinapata njia. Na tezi zilizo juu ya figo, ambazo huitengeneza homoni hiyo kwa asili, zinalala kwa kuwa kazi yao imechukuliwa. Ukiacha ghafla baada ya wiki nyingi, zinakuwa bado usingizini na mtu anaweza kuzimia na kufa. Inapunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa maagizo. Dada yetu alipewa prednisolone. Shangazi yake alikuwa ameshamshauri aitupe na anywe mlonge.

Mlonge ni mboga nzuri, sina ugomvi nao. Lakini mtu ambaye zamu wake amepotewa na akili hahitaji kumpa rungu kubwa zaidi. Anahitaji mtu wa kumketisha.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akaikunjua ile karatasi, akaikunja tena. Halafu akauliza lile alilokuwa analitaka toka mwanzo. Mahari yake inazungumzwa, harusi ni mwakani. Ataweza kuzaa?

Wengi wanazaa. Sharti ni lupus iwe imetulia walau miezi 6 kabla ya mimba, figo zikiwa salama, na mimba ifuatwe na daktari anayeijua habari yote. Haidroksiklorokwini haiachwi wakati wa mimba. Kuiacha ndiko kunakoamsha ugonjwa. Methotreksati, kama mtu anaitumia, ndiyo inayoachwa mapema, kwa sababu inaharibu mimba. Nilimwambia amwambie mchumba wake sasa, si baada ya kanisa, na waende wote wawili kwa daktari.

Bandeleti yake ya mwezi wa tisa ilitoka safi. Ya mwezi wa kumi pia. Anaziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, na Jumapili iliyopita, katikati ya mahubiri, alinionyesha vidole vitatu kutoka upande wa pili wa madhabahu.